Laki Sita Gawa kwa Dakika: Kuchoma DVD ya Harusi Isiyokwama

Malalamiko yanayomrudia mpiga video baada ya kukabidhi mzigo wa harusi yanajulikana. Deki imekataa diski. Picha inagandaganda ikikaribia mwisho. Au bi harusi na wapambe wake wametoka warefu na wembamba kuliko walivyo. Mwenye mzigo huambiwa deki yake mbovu, na deki mbovu kweli zipo, lakini sehemu kubwa ya matatizo haya huzaliwa kwenye kompyuta, wakati wa kuchagua setingi, kabla leza haijagusa diski.

Na DVD bado inatakiwa. Nenda Makunduchi, Nungwi, Konde au Mkoani, utakuta nyumba zenye televisheni na deki inayofanya kazi vizuri, na wazee wasiotaka kuangalia harusi ya mjukuu kwenye kioo cha simu. Diski haili bando, haifutwi kwa kubonyeza kitufe kwa bahati mbaya, na huazimwa jirani ikarudi. Mtu aliyelipa apewe kitu kinachocheza.

Deki inasoma nini

Kosa la kwanza na kubwa ni kuchukua faili la MP4 kutoka kwenye programu ya kuhariri, kulikopi kwenye DVD tupu, na kuita hiyo DVD ya video. Hiyo ni diski ya data. Kompyuta itaifungua, baadhi ya deki zitaifungua, deki ya kawaida haitaijua kabisa. DVD ya video ina sheria zake: picha ibanwe kwa MPEG-2, na kwa PAL, mfumo wa televisheni wa kwetu, iwe na upana wa pikseli 720 na urefu wa 576, fremu 25 kwa sekunde. Sauti iwe AC-3, MP2 au PCM, tena kwa kilohezi 48, si 44.1 kama ya sidii ya muziki. Vyote hivyo hukatwa katika mafaili ya VOB yasiyozidi gigabaiti moja kila moja, yakiwa na mafaili ya IFO yanayoiambia deki kitu gani kiko wapi, na nakala zake za akiba za BUP, ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS. Kikikosekana kimoja, deki husema diski si sahihi, wala haikwambii ni kipi.

VCD, yaani video ya zamani inayowekwa kwenye sidii, niiguse tu. Ni MPEG-1, 352 kwa 288, kilobiti 1150 za picha na 224 za sauti, na sidii ya dakika 80 hubeba takriban dakika 80 za video. Kwa wimbo mmoja wa qaswida inatosha. Kwa harusi, mapambo yote hugeuka vibomba, yaani vijimraba vya rangi. Kama mteja hana sababu maalumu ya kuitaka, msimtengenezee.

Hesabu kabla ya kubonyeza

Huku ndiko video nyingi zinakoharibikia, nami nitakaa hapa kidogo. DVD-R tupu ina baiti 4,707,319,808, na DVD+R ina 4,700,372,992. Kompyuta inayohesabu gigabaiti kwa 1024 itakuonesha 4.38. Usishangae wala usidhani umepunjwa, ni diski ile ile. Nafasi hiyo haiongezeki. Urefu wa video ndio unaoamua kila sekunde ipate biti ngapi, na ubora wa picha ni matokeo ya hesabu hiyo. Kwa hiyo programu inayokuuliza "ubora wa juu, wa kati au wa chini" inakuuliza swali ambalo lilishajibiwa na dakika za video yako.

Chukua laki sita, gawa kwa idadi ya dakika. Jibu ni kilobiti kwa sekunde za picha na sauti pamoja. Msingi wake ni huu: gigabaiti 4.5 ni sawa na kilobiti milioni 36, na milioni 36 ukiigawa kwa sekunde 60 unapata laki sita. Zile baiti kama milioni mia mbili zilizobaki ni za menyu, za vifungashio vya mafaili, na za kuacha ukingo wa nje wa diski bila kuandikwa, maana makosa ya kusoma huzidi kadiri leza inavyotoka nje.

Harusi ya dakika 130: 600,000 gawa kwa 130 ni 4615. Toa 192 za sauti, imebaki 4423. Weka 4400. Dakika 90 zinakupa 6667 kwa jumla, dakika 120 zinakupa 5000, dakika 180 zinakupa 3333. Ukifika chini ya 3500 kwa picha ya 720 kwa 576, utaanza kuona vibomba kwenye mapazia, kwenye moshi wa udi, na kila kamera inapogeuka haraka. Kwa video ya dakika 60 hesabu itakupa 10,000. Hiyo usiifuate. DVD inaruhusu picha isizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na vyote pamoja visizidi 10.08, na hayo ni mambo ya diski za kiwandani. Diski ya kuchomwa ikisomwa na leza iliyochoka haivumilii hivyo. Wastani wa 7000 na kilele cha 8000 unatosha kabisa, na kilele hicho ndicho tunachokiweka hata kwa video ndefu. Picha inayoganda katikati ya beni, panapokuwa na vurugu ya rangi na mwendo, mara nyingi imegandishwa na kilele cha 9500.

Video ya saa nne ifanye diski mbili, ya kwanza akdi na matembezi ya bwana harusi, ya pili kupamba na tafrija. Ipo njia ya kubana diski moja kwa kupunguza upana hadi 352 kwa 576, ambao DVD inauruhusu na hutoka safi kwa kilobiti 2300, lakini sheria za DVD zinaruhusu umbo pana la 16:9 kwa upana wa 720 na 704 tu, kwa hiyo picha yako pana italazimika kuwekwa mistari mieusi juu na chini ndani ya umbo la zamani la 4:3, na hapo umeshapoteza robo ya urefu wa picha. Diski za tabaka mbili, zile za gigabaiti 8.5, hazisomeki vizuri na deki nyingi za zamani. Diski mbili za kawaida ni jibu bora.

Kisha chagua kusindika, yaani kubana video iwe MPEG-2, kwa pasi mbili. Pasi ya kwanza programu inaipitia video yote na kuandika wapi pana mwendo na wapi pametulia. Pasi ya pili inagawa biti kwa haki. Kwa pasi moja, programu hufika kwenye kilele cha sherehe ikiwa haijui kilichobaki. Muda unakuwa mara mbili, iache usiku ifanye kazi.

Si kila sherehe inakula biti sawa

Maulidi ya homu ni rahisi kuliko yanavyoonekana. Wanaume wamepanga mistari, wamevaa kanzu nyeupe, wanayumba pole pole kwa pamoja, na nyuma yao ukuta au turubali halitembei. MPEG-2 huhifadhi fremu nzima moja kila baada ya muda, na kati yake huandika kilichobadilika tu, kwa hiyo mwendo wa taratibu, wa upande mmoja, unabanwa vizuri hata kwa 3500. Hatari ya pale ni weupe. Kanzu zikipigwa taa kali hupoteza mikunjo yote zikawa karatasi, na hakuna setingi ya kuirudisha. Punguza mwanga kwenye kamera yenyewe.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni kinyume chake. Wanaume wanapigana kwa migomba, vumbi linapanda, kibanda kinachomwa moto, moshi, majani, na watu mia wanakimbia kila mmoja na upande wake. Hakuna fremu inayofanana na iliyotangulia. Chini ya 6000 usijaribu, maana yake usizidishe dakika 95 kwa diski.

Kupamba kuko katikati, kuna mtego wa shanga na vimetameta. Kila kitone kinachomeremeta ni badiliko jipya kwa programu, na bi harusi akigeuka kidogo tu vinabadilika vyote. Usiku wa ngoma una mtego mwengine: kamera ikiwa gizani hupandisha nguvu, picha inajaa chengachenga, na programu haijui kwamba chenga si mwendo. Inazilipia biti kama inavyolipia mikono ya wachezaji. Kabla ya kusindika, vipande vya usiku pekee vipitishe kwenye kisafisha chenga kwa kipimo kidogo; katika ffmpeg, programu ya kusindika kwa amri za maandishi, `hqdn3d=3:2:4:3` inatosha. Ukizidisha, nyuso zinakuwa kama zimepakwa nta.

Fremu 25, fremu 30, na simu

Umeme wetu ni hezi 50, na PAL ni fremu 25. Vinaendana. Kamera na simu nyingi hutoka zimepangwa kwa fremu 30, nawe usipobadilisha unapata hasara mbili: taa za ukumbi zinapiga mawimbi kwenye picha, na wakati wa kutengeneza DVD programu italazimika kutupa fremu tano kila sekunde. Kutupa huko huonekana kila kamera inapotembea kutoka kushoto kwenda kulia, inadunda. Dawa ni kupanga kamera kwa 25 au 50, kasi ya shata 1/50, kabla ya sherehe.

Kama mzigo wote umeshapigwa kwa 30 na mteja ana televisheni bapa, unaweza kutengeneza diski ya NTSC, mfumo mwengine wa televisheni, 720 kwa 480 kwa fremu 29.97. Deki nyingi za kwetu zinaisoma. Televisheni ya kichogo isiyojua NTSC itaonesha picha isiyo na rangi, au picha inayopanda juu bila kusimama, kwa hiyo uliza kwanza. Ukichanganya 25 na 30 katika harusi moja, shika PAL.

Simu ina ugonjwa wa ziada: idadi ya fremu zake haiko thabiti. Mwanga ukipungua simu hupunguza fremu kimya kimya, na programu nyingi za kuhariri haziligundui hilo. Matokeo yake sauti inaachana na midomo kidogo kidogo, na khutba ya nikaha ikifika mwisho shekhe kanyamaza lakini midomo inaendelea. Kabla ya kuingiza klipu ya simu kwenye uhariri, isawazishe: `-vf fps=25 -af aresample=async=1 -ar 48000`. Baada ya hapo iko sawa na nyengine.

Klipu iliyopigwa simu ikiwa imesimama wima, usiivute ijaze kioo. Kwenye DVD ya 16:9 pikseli zenyewe si mraba, ni pana kuliko urefu wake, hivyo klipu wima ya 1080 kwa 1920 inapaswa kuwa na upana wa 228 tu kwa urefu wa 576, na nyeusi pembeni pikseli 246 kila upande. Ndani ya ffmpeg ni `scale=228:576,pad=720:576:246:0`. Kwa kipimo hichi uso hautanuki wala hausinyai.

Na wale watu wembamba? Picha ya 1920 kwa 1080 inapobanwa kuwa 720 kwa 576 lazima iambatane na alama ya 16:9. Alama isipokuwepo deki inadhani ni 4:3 na kuionesha hivyo. Ukikuta alama ipo na watu bado wembamba, tazama setingi ya deki yenyewe: televisheni ya kichogo inataka 4:3 yenye mistari mieusi, si 16:9.

Mistari na rangi

Kamera nyingi za harusi hurekodi 50i: kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati mbili, mstari mmoja huku mmoja kule. Televisheni inapenda hivyo na DVD inaruhusu. Tatizo huja unapoishusha 1080 hadi 576 bila ya kuiambia programu: nusu mbili zinachanganywa, na mkono wa mpiga dufu unatoka na meno ya kitana. Utenganishe kwanza ziwe fremu 50 kamili, ushushe, kisha uunganishe upya: `bwdif=mode=send_field,scale=720:576,interlace=scan=tff`, pamoja na `-flags +ildct+ilme`. Kamera za HDV na AVCHD huanza na mstari wa juu, kamera za kanda ndogo za DV huanza na wa chini. Kwa kanda hizo, andika `bff` pahala pa `tff`. Ukikosea, kila kinachotembea kitatetemeka mbele na nyuma, na kilichotulia kitaonekana kizima. Ndiyo maana kosa hili hupita bila kuonekana kwa anayekagua akitazama picha iliyosimama.

Rangi nayo ina hesabu mbili. Video ya HD hutumia kipimo cha BT.709 na DVD hutumia BT.601. Pasipo kubadilishwa, nyekundu na kijani hupotoka kidogo, na panapoonekana mapema ni hina na ngozi. Simu nyingine hurekodi mwanga kutoka 0 hadi 255 wakati DVD inataka 16 hadi 235. Hapo buibui linakuwa doa jeusi moja lisilo na mikunjo. Ukiona hivyo, usiongeze mwanga kwa jumla. Rekebisha kipimo chenyewe katika programu ya kuhariri.

Kwa mzigo usio na nusu nusu, wa dakika 130, amri ya pasi ya pili inakuwa hivi:

`ffmpeg -i harusi.mov -vf "scale=720:576:in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601" -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4400k -maxrate:v 8000k -g 12 -bf 2 -b:a 192k -pass 2 harusi.mpg`

Pasi ya kwanza ni hiyo hiyo ukibadilisha `-pass 2` kuwa `-pass 1`. Nambari zako ziandike baada ya `-target pal-dvd`, kwa sababu neno hilo huja na nambari zake, 6000 za picha na 448 za sauti, na zako zikitangulia zitafunikwa. Hiyo `-g 12` ni umbali kati ya fremu nzima na nzima. Kwa PAL haifai kuzidi 15, deki hushindwa kupeleka mbele na kurudisha nyuma vizuri.

Sauti ya hotuba na tafrija AC-3 kwa 192 inatosha. Kwa qaswida zenye dufu na waitikiaji wengi panda 256 na uitoe kwenye hesabu. PCM inakula 1536, faa yake iko kwenye diski fupi tu. Ngoma zilizopasuka wakati wa kurekodi hazitengenezeki kwa kodeki yoyote.

Kupanga na kuchoma

Programu ya DVDStyler inatosha kwa menyu na sura, yaani vituo vya kurukia kwa rimoti. Faili lako la MPEG-2 likishakuwa sahihi, iambie programu isilisindike tena, ilinakili tu. Wengi hulisindika mara mbili bila kujua, na hapo kazi yote ya pasi mbili imepotea. Maandishi ya menyu yaache mbali na kingo, angalau asilimia kumi kila upande, televisheni za kichogo hukata. Weka sura mwanzoni mwa kila tukio: nikaha, kupamba, kuingia ukumbini, kukata keki. Bibi atataka kuanza na kupamba, na rimoti yake pengine haina kitufe kingine kinachofanya kazi zaidi ya mshale.

Toa kwanza faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima katika faili moja, ulitazame kwa VLC, ndipo uchome. Kwa programu ya kuchoma ya ImgBurn hakikisha mfumo wa mafaili ni ISO9660 pamoja na UDF 1.02. Diski iliyoandikwa 16x ichome kwa 4x au 8x. Diski ya DVD-R ndiyo salama zaidi kwa deki za zamani. Ukiwa na DVD+R na kichomeo kinaruhusu, badilisha aina ya kitabu (book type), alama inayoiambia deki hii ni diski gani, iwe DVD-ROM, deki nyingi zilizokataa zitakubali. Diski ifungwe kabisa (finalize), na kazi ya kuhakiki isiachwe hata foleni ikiwa ndefu. Choma kwenye laptopu yenye betri nzima au kompyuta yenye UPS, kwa sababu DVD-R iliyokatikiwa na umeme nusu ya njia haiendelezwi, inatupwa.

Stika ya karatasi usibandike. Joto na unyevu wa pwani huikunja, diski inayumba ndani ya deki, na leza inapoteza mstari. Andika kwa kalamu ya diski, juu, karibu na kitovu. Jua la dirishani huharibu rangi iliyobeba data, kwa hiyo mkabidhi mteja diski ndani ya kasha, na umwambie asiiweke juu ya televisheni.

Mteja mwenye deki yenye tundu la fleshi mwekee na faili la AVI: picha ya Xvid isiyozidi 720 kwa 576, bila ya setingi za ziada za QPEL wala GMC, kilobiti 1500, sauti MP3 160. Fleshi iwe FAT32, na faili lisizidi gigabaiti 4 kwa sababu FAT32 hailibebi. Wa simu apewe MP4 ya H.264 yenye kipimo cha ubora cha CRF 20 na `-pix_fmt yuv420p -movflags +faststart`. Lakini yote matatu yatoke kwenye faili mama la uhariri, si moja kutoka kwa jengine.

Majaribio yafanyike kwenye deki kongwe uliyonayo, si kwenye kompyuta. Anza na menyu, ruka sura zote, kisha nenda moja kwa moja dakika kumi za mwisho na uziangalie zote, hapo leza iko ukingoni na tafrija iko kwenye kilele chake. Zikipita bila kuganda, nakili zilizobaki kutoka kwenye ISO ile ile.